Mtaalamu wa lishe na elimu ya sumu

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea sayansi ya lishe. Nimeona kwamba masomo yake yatagusa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyovunja na kugeuza chakula na kemikali, na elimu ya sumu. Mtu wa lishe ana haja gani na sumu? Mama wa Pongwe, Tanga.

JIBU: Mama, haja ni kubwa, na mfano umo jikoni mwako. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo huvunjika na kutoa sianidi, sumu kali, muhogo unapokatwa au kusagwa. Ndiyo maana hulowekwa na kuanikwa vizuri kabla ya kupata unga wa bada. Sianidi kidogo inayosalia hugeuzwa na mwili kuwa thaiosianeti, kemikali yenye sumu kidogo zaidi, na kutoka kwa mkojo, lakini kazi hiyo huhitaji salfa, ambayo tunaipata katika protini. Kwa hiyo familia inayokula kwa majuma muhogo usiolowekwa vya kutosha, bila samaki wala kunde, imo hatarini kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiotibika, ambao umewahi kuzuka Tarime na Mtwara. Atakayemshauri mama wa familia hiyo kuhusu sumu tu, akasahau kunde, atakuwa amempa nusu ya msaada.

Shahada ya lishe ya binadamu hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Binti aishike sana kemia, kwa sababu umetaboli wote umejengwa juu yake.