Bata mzinga mwitu: ukae porini hadi saa ngapi? Maswali na majibu

Kila msimu wa machipuo ukikaribia, wasomaji wetu walioko Marekani wanatuuliza kuhusu kuwinda bata mzinga mwitu, na maswali mengi yanahusu muda. Tumechagua machache. Saa zote hapa ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 7 mchana ni ile ambayo simu yako inaandika 1:00. Usizichanganye, maana kufyatua risasi baada ya muda uliowekwa ni kosa la kisheria, hata kama umechelewa dakika chache tu.

Nimepata leseni ya Missouri na huu ndio msimu wangu wa kwanza. Wenzangu kazini wanasema mwindaji wa kweli anakaa kutwa nzima. Ni lazima? (Columbia, Missouri)

Si lazima, na penginepo hairuhusiwi. Missouri unaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kwenye ardhi ya umma unaacha saa 7 mchana. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, tangu msimu wa 2025, unaweza kuendelea hadi jua linapozama. Majimbo mengine yana yao: Illinois wanafunga saa 7 mchana, New York saa 6 mchana, Pennsylvania saa 6 mchana katika nusu ya kwanza ya msimu kisha kutwa, Texas kutwa. Wanaofunga mapema wanataka kupunguza usumbufu kwa majike wanaotaga na kuatamia, na kuwapa ndege wote muda wa kutulia. Kijitabu cha kanuni cha mwaka huu ndicho cha kufuata. Cha mwaka jana kitupe, sheria hizi hubadilika.

Ndani ya muda unaoruhusiwa, hesabu yetu ni hii. Ukiwa na uwezo wa kutulia kwa muda wa saa nne, tulia tangu giza la alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Ukiwa na uwezo wa saa sita, fika saa 6 mchana. Zaidi ya hapo, mgeni hapotezi kitu akirudi nyumbani kula. Saa tatu za kukaa kimya mahali pazuri zinazaa zaidi kuliko saa nane za kuzungukazunguka, kwa sababu bata mzinga anaona mwendo wako kabla hujamwona, na akishakuona habaki pale kukuhakiki.

Nafika gizani, namsikia dume akilia mtini vizuri kabisa, kisha akishuka anakaa kimya. Ikifika saa 2 asubuhi hakuna kitu, naondoka. Nakosea wapi?

Unakosea hapo pa saa 2.

Fuata asubuhi ya ndege mwenyewe. Dume analala juu ya mti na huanza kulia kukipambazuka. Jua linapokaribia kuchomoza anashuka, na mara nyingi majike walikuwa wamelala miti ya jirani. Akishatua yuko nao. Na kwa kawaida yao, dume analia na jike ndiye anayemfuata. Wewe unaigiza sauti ya jike na kumtaka dume akufuate wewe, yaani umegeuza mambo juu chini, tena wakati ambao anao majike wa kweli mbele ya macho. Kwa nini aje?

Sasa subiri. Jike hutaga yai moja kwa siku, takriban, mpaka kiota kiwe na mayai kumi hadi kumi na mawili hivi, na ili kutaga humwacha dume na kuondoka peke yake. Wengi huondoka asubuhi ikishasogea. Kati ya saa 3 na saa 6 mchana kuna madume waliobaki wapweke, nao wanaanza kutafuta. Dume aliyekupuuza alfajiri ndiye huyohuyo anayeweza kuja saa 4 na nusu.

Kwa hiyo mahali alipolia alfajiri paweke akilini. Ikiwa walielekea upande mwingine, usiwafuate nyuma. Zunguka kwa mbali, rudi karibu na pale walipotulia mara ya mwisho, kaa, na uite kwa upole. Huyu wa saa 4 mara nyingi haji akilia. Sikiliza majani makavu yakikanyagwa. Sikiliza pia mvumo mzito wa chini, kama lori linalonguruma mbali barabarani: ndivyo dume anavyovuma akiwa ametanua mkia na kuburuza mbawa, na ukiusikia jua yuko karibu sana, ndani ya mita hamsini au sitini. Hapo usiguse pua yako.

Mwisho wa msimu hali inakuwa nzuri zaidi. Jike akianza kuatamia, kazi ya siku 28 hivi, anatoka kiotoni kwa muda mfupi tu kula. Madume wapweke wanaongezeka, na asubuhi ya saa 3 hadi saa 6 inakuwa na thamani kuliko alfajiri yenyewe.

Nikikaa chini ya mti, nikae dakika ngapi kabla ya kuhama?

Kama hujasikia kitu, dakika 45. Ita kila baada ya dakika 15 au 20: milio mitano hadi saba ya jike, kisha nyamaza. Anayeita kila dakika anajitangaza, na dume husimama mbali akingoja huyo jike msemaji ajitokeze.

Kama dume alijibu kisha akanyamaza, ongeza nusu saa nzima tangu mlio wake wa mwisho. Kimya kina maana mbili: ama ameondoka, ama anakuja. Wanaoinuka baada ya dakika kumi ndio hao wanaoona mgongo wa ndege akikimbilia bondeni, na ndilo kosa kubwa kuliko yote katika uwindaji huu.

Ukihama, tembea mita 150 hadi 200, simama, sikiliza, ndipo uite. Lakini kabla ya kuita, chagua mti wa kukalia. Wengi huita wakiwa wamesimama katikati ya njia, dume anajibu mita sitini mbele yao, na hakuna tena muda wa kukaa. Mti huo uwe mpana kuliko mabega yako na mrefu kuliko kichwa chako ukiwa umekaa. Sababu ya kwanza ni kuficha umbo lako. Ya pili ni kukukinga na mwindaji mwingine anayeweza kutokea nyuma yako. Ukimwona mtu anakuja, usipunge mkono wala usiigize mlio. Sema kwa sauti ya kawaida ya binadamu: "Habari, niko hapa." Na nguo au leso nyekundu, nyeupe au ya buluu isionekane mwilini mwako, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume.

Nafanya zamu ya usiku kiwandani, natoka saa 1 asubuhi. Alfajiri yote inanipita. Nikate tamaa?

Kinyume chake, ndugu yetu. Ratiba yako inakuleta porini wakati ule tuliousifia hapo juu. Oga, kula, ingia porini saa 3, toka saa 6. Kwa saa hizo tatu chagua sehemu moja au mbili tu: ukingo wa shamba wenye kivuli, au njia ya zamani ya matrekta juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo umeona mavumbi waliyoogea au alama za mbawa zilizoburuzwa mchangani.

Faida nyingine ni kwamba walioamka saa 10 alfajiri wengi wao wameshachoka na kuondoka, hata kwenye ardhi ya umma.

Tunachokuonya ni usingizi. Ukianza kusinzia, toa risasi zote kwenye bunduki, iweke chini mdomo wake ukielekea mbali nawe, ulale dakika ishirini. Kama ulikuwa unasinzia tayari kwenye usukani njiani kuja, siku hiyo iache kabisa.

Mchana je? Mwenye shamba ameniruhusu kukaa hadi jua kuzama.

Kati ya saa 6 na saa 9 ndege wengi wako kivulini, wanajichokonoa manyoya na kuoga vumbi. Wanaweza kuja ukiwaita, ila polepole mno. Huo ni muda wa kula na kulala. Rudi saa 10 jioni, ukae kati ya shamba wanakolisha na miti wanakolala, na uite kidogo sana: wanapita hapo wenyewe.

Miti ya kulala yenyewe usiikaribie, kaa angalau mita 200 mbali nayo. Kumpiga ndege akiwa mtini ni marufuku katika baadhi ya majimbo, na hata pasipo marufuku, kundi likishtuliwa jioni linaweza kuhamia shamba la jirani na kukuacha na msimu mtupu. Saa ya mwisho kabla ya giza itumie kusikiliza tu. Iga mlio wa bundi mara moja au mbili ukiwa mbali. Dume mara nyingi hushindwa kujizuia kujibu, na sasa unajua kesho uanzie wapi.

Mvua ikinyesha, nirudi nyumbani?

Manyunyu, hapana. Chini ya miti matone yanawachanganya masikio, kwa hiyo bata mzinga huhamia kwenye mashamba ya wazi ambako wanaona mbali. Kaa ukingoni mwa shamba. Mvua ikikatika na jua likatoka, usiondoke kabla ya saa nzima kupita, maana wanatoka kujikausha. Kisanduku cha mbao cha kuigia mlio kikilowa hakitoi sauti, na kibao cha jiwe vilevile. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki na utumie kile cha kuweka mdomoni.

Upepo mkali ni adui mkubwa kuliko mvua. Hawakusikii, huwasikii. Shuka bondeni, upande usiopigwa na upepo, au punguza saa zako siku hiyo.

Radi ni habari nyingine. Madume huijibu radi kwa kulia, na wapo wanaobaki kwa ajili hiyo. Ukisikia ngurumo nenda kwenye gari, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hakuna ndege wa kukufanya ukae chini ya mti mrefu na chuma mkononi.

Binti yangu wa miaka 11 anataka kuja. Atavumilia?

Kwa muda wa saa mbili, dada, basi. Tumia kibanda cha kitambaa cha kujifichia ili aweze kujigeuza, mpe kiti cha kweli, vitafunwa visivyo na karatasi za kelele, na blanketi, kwa sababu baridi ya Aprili kabla ya jua inamfukuza mtoto kuliko uchovu. Akisema twende, ondokeni. Mkirudi nyumbani kagua mwili wake na wako kwa kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele. Nguo zinyunyizwe dawa ya permethrin siku moja kabla na zikauke kabisa. Haipakwi kwenye ngozi.

Nikipata dume saa 1 asubuhi, naweza kuendelea kumtafuta wa pili?

Missouri, hapana. Msimu wa machipuo una ndege wawili, lakini wiki ya kwanza ni mmoja tu, na kamwe si wawili siku moja. Siku yako imekwisha, na saa nyingine imeanza kuhesabu: ya nyama.

Weka bunduki kwenye kizuizi cha usalama, mfikie haraka. Dume aliyepigwa shingoni hupapatika kwa muda na vikwaru vyake vinachana mkono, basi kanyaga shingo kwanza ndipo ushike miguu. Msomaji Mwislamu anayetaka kuwahi kuchinja akiwa bado na uhai asifungie kisu ndani ya begi. Kiwe kiunoni. Kuhusu hukumu ya windo la marisau muulize shekhe wako.

Tia alama kwenye kibali chako hapohapo, kabla hujamsogeza. Kisha toa matumbo. Ndege wa kilo nane au tisa mwenye manyoya mazito anahifadhi joto ndani kwa muda mrefu, na siku ya nyuzi 20 na kitu huna anasa ya kwenda kupiga picha kwa marafiki watatu. Mfungue chini ya kifua, toa utumbo, toa gole shingoni, weka firigisi na maini kwenye mfuko safi. Mfuko wa barafu uingie tumboni, ndege aingie kwenye boksi la barafu, na lengo ni nyama ishuke chini ya nyuzi 4 mapema iwezekanavyo. Boksi hilo lisubiri kwenye gari tangu alfajiri. Ukilazimika kwenda dukani kutafuta barafu, umeshapoteza saa nzima.

Kisha toa taarifa ya windo kwa simu au mtandaoni. Missouri mwisho ni saa 4 usiku siku hiyohiyo, na baadhi ya mabonde hayana mtandao, kwa hiyo fanya hivyo ukifika barabara kuu.