“Umeelewa?” “Ndiyo.” Kisha hakuna kilichofanyika: maswali yenu kuhusu mawasiliano

Nasimamia zamu ya usiku hotelini. Nikitoa maagizo wote wanaitikia “sawa bosi”, lakini asubuhi nakuta nusu ya kazi haijaguswa. Ni ukaidi?

Mara nyingi si ukaidi. Ubovu uko kwenye swali lako la “mmeelewa?” Mtu anayeulizwa hivyo na mkubwa wake, tena mbele ya wenzake, ana jibu moja tu la adabu. “Sawa” yake inaweza kuwa “nimekusikia” au “yaishe nikaendelee”. Mwombe arudie kwa maneno yake, na lawama uibebe wewe: “Hebu niambie utaanza na nini, nijue kama nimeeleza vizuri.” Agizo nalo lionyeshe nani, nini na kufikia saa ngapi. “Vyumba vya juu viwe tayari” halina mwenyewe. “Asha, 201 hadi 206, kabla ya saa 11 alfajiri” linaye. Maagizo yakizidi matatu, yaandike ubaoni.

Marubani hurudia maagizo kwa lazima, na sababu ni nzito. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife ulikuwa umefunikwa na ukungu. Rubani mmoja alitamka redioni maneno ambayo yangeweza kueleweka kuwa ndege iko tayari kuruka, au kwamba inaruka tayari. Mnara wa kuongozea ndege ukaitikia “OK”. Maneno yaliyofuata, ya kumtaka asubiri, yalimezwa na mlio kwa sababu ndege nyingine iliyokuwa bado kwenye njia ya kurukia iliongea wakati uleule. Boeing 747 mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Tangu hapo neno la kuruka likawekewa mipaka: hutamkwa tu ruhusa inapotolewa au kufutwa, na ruhusa yenyewe hurudiwa. Kuitikia “OK” peke yake hakutoshi.

Mkufunzi wetu alisema asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, maneno ni 7 tu. Kweli?

Si kweli, ingawa semina nyingi bado zinaiuza. Takwimu hiyo inatokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, huko California. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likisemwa kwa sauti tofauti, na kuonyeshwa picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anampenda anayeambiwa au la. Kilichopatikana ni hiki: kwenye mambo ya hisia, maneno na uso vikipingana, watu huamini uso. Ukisema “sijakasirika” huku umekunja ndita, hakuna atakayekuamini. Lakini jaribu kumweleza mtu dozi ya dawa kwa mikono na uso tu.

Kwetu kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu. Kwenye usaili wanasema nisipotazama naonekana naficha kitu. Nifanye nini?

Gawanya. Mtazame anayeuliza mpaka amalize swali. Unapofikiri, macho yakishuka mezani hakuna ubaya. Ukianza kujibu mrudie yeye, na unapofika mwisho wa sentensi wapitie na wajumbe wengine wa jopo. Macho yake yakikulemea, tazama katikati ya nyusi. Kutoka ng’ambo ya meza hawezi kutofautisha. Salamu ni jambo jingine: kama mjumbe ni wa rika la wazazi wako, shikamoo na kuinamisha kichwa kidogo haitakupunguzia alama.

Nikishika maiki mikono inatetemeka na naongea mbio.

Usishike karatasi kubwa, maana hutetemeka kuliko mkono wenyewe na ukumbi wote unaiona. Andika hoja kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na usiifunike kichwa chake kwa vidole, kwani ndipo spika zinapoanza kupiga miluzi. Kuhusu mbio, vuta pumzi polepole kabla ya neno la kwanza, kisha nyamaza kidogo kila unapomaliza hoja. Kimya cha sekunde 2 kwako ni kirefu mno. Kwa wasikilizaji ni nukta tu.

Mpwa wangu aliyekulia Marekani aliambiwa shughuli ni “saa 3”. Alifika saa 9 alasiri, watu wameshatawanyika.

Alisoma saa ya simu. Hesabu yetu inaanza na mapambazuko, kwa hiyo inapishana na ya simu kwa saa 6. Kwenye mwaliko andika zote mbili pamoja na kipindi cha siku: “saa 3 asubuhi (9:00)”. Kwa ujumbe wa sauti, zitamke zote. Na kama mnapanga kuongea kwa simu na ndugu walio nje, taja saa za wapi: Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 1.