Kabla ya insha, tafuta karatasi za baba

"Yaya, jambo. Niko darasa la 12 hapa Dayton, nataka kuomba QuestBridge. Naomba unitumie insha yako nione ulivyoandika." Jumbe za namna hii huanza kuniingia kila Agosti, watoto wakirudi shuleni. Insha situmi, mdogo wangu, na wala si uchoyo. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akafika Kentucky hajui Kiingereza, na baada ya miezi michache akawa mkalimani wa mama yake kwa daktari, huyo la kuandika analo. Watoto wetu ninaowaona wakikwama, wengi wanakwamishwa na karatasi.

Kwa asiyeijua, QuestBridge ni mpango wa hapa Marekani unaowaunganisha wanafunzi wenye alama nzuri na mifuko mitupu na vyuo ambavyo kuingia ni shughuli: Yale, Stanford, Rice, Amherst, Grinnell na vingine vya daraja hilo. Kuomba ni bure. Hata kama si raia unaruhusiwa, maadamu unasoma sekondari ndani ya Marekani. Familia ya watu wanne kwa kawaida iwe na kipato kisichofika dola 65,000 kwa mwaka, na kwetu wengi hatukaribii hapo. Ukifika fainali, Oktoba, unapanga vyuo unavyovitaka kwa mfuatano. Siku hizi ni hadi 15, wakati wangu vilikuwa 12. Tarehe 1 Desemba unajua. Kama viko vinavyokutaka, unachukuliwa na kile ulichokiweka juu zaidi, na unasomeshwa miaka yote minne, ada, chumba, chakula na vitabu. Hiyo ndiyo inaitwa Match.

Mimi habari hizi nilizipata kwa mwalimu wa kemia. Mshauri wa shule, ambaye kazi yake ni hiyo hasa, alikuwa amekwisha kuniambia nianzie chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili), nisijichoshe na majina makubwa. Aliniambia kwa upole, tena akitabasamu. Sina neno na vyuo vya jamii. Kaka yangu alipita huko na leo anatengeneza mashine za hospitali, anatulisha. Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo, ni kwamba yule bwana alisema yote hayo kabla hajafungua faili langu.

Basi, karatasi. Mnaukumbuka ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, tuliopewa siku ya kusafiri, tukaambiwa tusiuachie hata tukilala? Baba yangu hajauachia hadi leo. Kila barua iliyoingia nyumbani aliitumbukiza humo: ya kodi ya nyumba, ya umeme, ya chanjo, na ndani kabisa, zimekunjwa mara nne, W-2, yaani karatasi za mshahara wa mwaka, za kazi zake mbili. Jioni moja ya Septemba nilimwaga mfuko wote mezani. Kiwanda cha kufulia mashuka kilikuwa kimemwandika kwa jina lake, hoteli ikamwandika kwa jina la babu. Tarehe za kuzaliwa ndiyo kichekesho: baba, mama na shangazi, wote Januari 1. Sisi tunajua ni kwa nini: asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo. Mtu wa ofisi ya misaada ya masomo anaona kosa, au anaona uongo.

Halafu tulikuwa tunaishi na watoto wa marehemu mjomba. Halafu kila mwezi baba anatuma pesa kambini kwa bibi, na hakuna fomu yenye mstari wa bibi. Kwenye CSS Profile, fomu ya fedha ambayo vyuo vingi vya aina hii huitaka, iko sehemu ya kueleza hali ya pekee ya familia. Watoto wetu wanairuka. Usiiruke! Mimi niliandika humo kila kitu: majina mawili ya baba, Januari 1, watoto wa mjomba, pesa za bibi. Sentensi kavu, bila kulia. Machozi yana nafasi yake kwenye insha, na hata kule yasizidi.

Kulikuwa na kikwazo kingine, baba mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba ukiwaonyesha watu mshahara wako, ile kadi ya chakula ya serikali inakatwa. Baba akafunga mfuko, akaupeleka chumbani. Sikubishana naye, maana kwetu hubishani na baba. Nilimwomba mchungaji aje kunywa chai, naye akamweleza taratibu kwamba mshahara huo serikali inaujua tayari, kwa sababu kila mwaka yeye mwenyewe anaupeleka kwenye fomu ya kodi, ile 1040. Mfuko ukarudi mezani. Wazazi mnaonisoma, nisikilizeni: mtoto hawezi kuomba msaada wa fedha huku mnamficha fedha zenu. Mwonyesheni. Mwonyesheni mapema, Agosti, asije akawaamsha saa sita usiku tarehe ya mwisho imefika.

Nilifika fainali. Desemba 1 ikaja, mama ameshapika sombe na watu wa kanisa wamejaa sebuleni, nikafungua: hakuna chuo. Tulikula sombe ile kama ya matanga. Hakuna aliyeniambia siku ile ninachokwambia leo, kwamba wengi wanaofika fainali hawapati Match. Desemba 2024 waliopata walikuwa 2,627, na waliofika fainali walizidi 7,000. Piga hesabu mwenyewe.

Pembeni nilikuwa nimeomba Berea, chuo cha hapahapa Kentucky ambacho hakijatoza ada tangu 1892 na kila mwanafunzi anafanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Karatasi zilikuwa tayari, sikuhangaika upya. Mwaka wa kwanza niliwekwa karakana ya mifagio, nikafunga mifagio inayouzwa kwa watalii, na nilihitimu bila kudaiwa ada. Majuzi nilialikwa kwenye shule yangu ya zamani nizungumze na wazazi wa Kikongo. Yule mshauri alinivutia kiti na kuniita "mwanafunzi wetu". Nilikaa.

Kwa hiyo wewe wa Dayton, orodha yako ya vyuo iwe na vile tu utakavyokwenda kweli, kwa sababu kwa vingi Match ikitoka huwezi kurudi nyuma. Jina la baba liandikwe namna moja kila mahali, lile la kwenye green card, na pale ambapo waajiri wameliandika vingine, eleza. Na siku hiyohiyo unapotuma QuestBridge, fungua maombi ya vyuo vingine viwili au vitatu vya duru ya kawaida, kimoja kiwe cha jimbo lako. Vingi hufunga Januari, na vingi vitakuondolea malipo ya maombi ukiomba.