Kupata eneo la shamba kwa Python: usipange kona kwa pembe!

Mleta uzi, usiguse hiyo atan2, ile amri ya Python inayotoa pembe ya pointi. Umesema pointi za GPS za kona za mashamba ya chama chenu huko Morogoro zimevurugika kwenye Excel, kwa hiyo utatafuta kitovu (wastani wa x na wa y za kona zote), upige hesabu ya pembe ya kila kona kutoka hapo, uzipange, halafu ndiyo utafute eneo, uligeuze kuwa ekari na utoe bwawa lililo katikati. Hapo kwenye kupanga ndipo nilipozikwa mimi.

Fomula yenyewe ya eneo haina neno. X ya kona hii mara y ya inayofuata, toa x ya inayofuata mara y ya hii, zunguka hadi urudi kona ya kwanza, jumlisha, gawa kwa mbili, tupa alama ya hasi. Mistari mitano ya msimbo wa programu. Shida ni kwamba inaamini mpangilio wowote utakaoipa.

Shika kalamu. Shamba lenye umbo la L, vipimo kwa mita: (0,0), (60,0), (60,10), (10,10), (10,60), (0,60). Eneo ni mita za mraba 1,100, hata bila kompyuta unaona vipande viwili, 600 na 500. Sasa panga kwa pembe. Kitovu kinaangukia (23.3, 23.3), yaani nje ya shamba, kwa jirani kabisa! Programu inaunganisha (60,10) na (10,60) moja kwa moja, ile kona ya ndani inasukumiwa kwingine, jibu linatoka 2,050. Karibu mara mbili. Na hakuna maandishi mekundu kwenye skrini. Namba imetulia pale kama ina muhuri wa wizara.

Kwetu namba hizo zilikwenda moja kwa moja kwenye mkopo wa pembejeo. Wakulima wa kando ya mto, ambao mashamba yao yamepinda kufuata maji, wakaandikiwa mbolea ya ardhi wasiyo nayo, na deni juu yake. Mzee mmoja akaja ofisini na kamba yake ya katani yenye mafundo. "Mwanangu, twende ukanioneshe hiyo ekari nyingine, nikailime." Nikajibu kwamba satelaiti imekosea. Satelaiti ya watu, iko zake huko juu, haina hata wa kuitetea.

Anayenikera mpaka leo ni jamaa mmoja wa video za mtandaoni aliyesema mbinu hii ya kupanga kwa pembe inafaa kwa poligoni yoyote, yaani umbo lolote la pande nyingi zilizonyooka. Yoyote! Mifano yake yote ilikuwa mraba, pembetatu na pembesita iliyonyooka kama ya kwenye daftari. Umbo lisilo na kona iliyoingia ndani litakupa jibu sahihi kila mara, ndiyo maana majaribio yangu yote yalipita nikaenda zangu kunywa soda. Nilimwandikia kwenye maoni, akanijibu kwa kidole gumba.

Kona sita hizo hizo zinaweza kutoa maumbo zaidi ya moja, mkuu. Lipi kati ya hayo ndilo shamba, anajua aliyelizunguka kwa miguu. Mpangilio ni sehemu ya kipimo, hautungwi mezani. Programu nyingi za kupimia kwa simu huhifadhi muda wa kila pointi, basi panga kwa muda, na kama muda umefutwa, rudini shambani mkapime upya, mkiandika namba ya kila kona. Kisha chora kila shamba juu ya picha ya satelaiti. Mistari ikikatana, au ikipita kwa jirani, usitoe namba kwa mtu.

Digrii za latitudo na longitudo zigeuze kwanza ziwe mita, kwa Morogoro ni UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda 37 kusini, namba yake kwenye programu ni EPSG:32737. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mengine wadau watakujazia.

Sasa niambie, hilo faili lina safu ya muda, au kuna mtu "amelisafisha"? Bandika mistari michache ya juu tuione kabla hujaendesha chochote.