Pipa lisilonuka si mbolea iliyoiva

Swali: Nakusanya mabaki ya malewa (vibanda vya chakula) mawili hapa Ndosho, Goma. Nayafungia kwenye pipa pamoja na dawa ya kichupa ya sokoni. Muuzaji anasema siku 7 zinaua vijidudu, na kweli uvundo unakwisha. Ila lengalenga (mchicha) zangu za kwenye mifuko zinaungua kingo za majani. Yale maji ya pipa niyachanganye na maji safi kiasi gani?

Jibu: Mama, usiyachanganye, acha kuyamwagilia kabisa. Kingo zikiungua hivyo, wa kwanza kushukiwa ni chumvi ya mchuzi. Ndani ya mfuko maji hukauka, chumvi ikabaki. Mwaga maji safi mpaka yatokee chini, urudie mara 3.

Hilo la harufu ndilo linalochosha. Pipa lililofungwa halina hewa, kwa hiyo mabaki yanachachuka kama muhogo uliolowekwa kwa fufu. Yamechachuka, hayajaoza. Asidi inatuliza uvundo na kupunguza baadhi ya vijidudu, lakini Salmonella, kijidudu cha kuharisha, yaweza kubaki hai, na pua haiioni. Kinachoua ni joto: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, lundo likigeuzwa mara 5 ili ya nje yaingie katikati.

Pipa halifiki huko. Tenga nyama, samaki na mafuta, maana vinaita panya. Debe 1 la mabaki changanya na madebe 2 hadi 3 ya majani makavu ya migomba au vumbi la mbao, ujenge lundo la mita 1 kila upande. Dogo zaidi linapoa. Ukikamua konzi yake yatoke matone machache tu. Huna kipimajoto? Chomeka chuma cha ujenzi katikati kwa dakika 10: ukiweza kukishika bila shida, bado. Kisha liache litulie miezi 2, upande mbegu za lengalenga kwenye kopo la mbolea hiyo. Zisipoota vizuri, halijaiva.

Vichupa hivyo havina hata karatasi ya kueleza kilichomo, na sasa kuna wanaouza mifuko ya "mbolea ya siku 7" kwa walima nyanya na karoti, vitu vinavyoliwa vibichi. Mwulize muuzaji lundo lilifika joto gani, liligeuzwa mara ngapi. Akijibu kwa kukunusisha, mrudishie mfuko wake.