Wahusika Wengi Katika Riwaya ya Giza

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeazimwa riwaya ya A Game of Thrones ya George R. R. Martin. Sura tano za kwanza baada ya utangulizi zina wahusika wakuu watano tofauti, nami nimechanganyikiwa. Je, niendelee? – Msomaji, Tanga

JIBU: Endelea, ndugu msomaji, tena bila kuruka sura. Riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1996, inasimuliwa kupitia macho ya wahusika wanane, ukiacha utangulizi, na utamu wake umo katika mgawanyo huohuo. Katika sura ya kwanza, Bran, mtoto wa miaka 7, anamtazama baba yake akimkata kichwa askari mtoro kwa mkono wake mwenyewe, huku ndugu yake Jon akimnong'oneza asigeuze uso. Katika sura inayofuata, Catelyn, mke wa baba huyo, anamkuta mtu huyohuyo akisafisha upanga ule kando ya kidimbwi, naye hatuoneshi hakimu mkali bali mume aliyelemewa na mawazo. Ukisoma kwa namna hiyo, ukijiuliza kila mara ni nani anayetazama na ni nini asichokijua, giza la hadithi halitakuchosha, kwa kuwa kila ukatili una mtu aliyeumizwa nao ambaye tayari unamfahamu.

Majina yakikutatiza, mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya koo na watu wake. Kwa maoni yangu, sura za Tyrion peke yake, mmoja wa wale wahusika wanane, zinatosha kumfanya mtu avumilie kurasa hizo za mwanzo.