Shelisheli wana bahari kubwa: mvuvi mdogo amepata nini?

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mhasibu. Mimi ni mvuvi wa madema na pweza, kusini mwa Pemba. Kila kikao tunaambiwa tuige Shelisheli, kwamba wametajirika kwa uchumi wa buluu. Sisi huku tunafunga mwamba miezi mitatu, tukifungua pweza wanatoka wakubwa, lakini bei anapanga tajiri mwenye barafu. Huo mkakati wa Shelisheli ulimfikia mvuvi kama mimi, au ni wa mahoteli na meli kubwa? *Mvuvi, Mkoani*

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Nimetunza vitabu vya ushirika wa wavuvi Tanga mpaka nikastaafu, na mpango wowote wa taifa nausoma kwa kutafuta jambo moja: pesa zinaingia kwa nani. Kwa hiyo swali lako ndilo langu.

Niirekebishe kwanza hiyo habari ya kutajirika. Benki ya Dunia iliwaweka Shelisheli kundi la nchi zenye kipato cha juu mwaka 2015, kabla hiyo hati fungani ya buluu inayosifiwa vikaoni, yaani karatasi ya deni ambayo serikali inawauzia wawekezaji ili kupata pesa za kazi za bahari, haijauzwa. Kipato chao kilitoka kwa watalii na jodari, na kinagawanywa kwa watu laki moja hivi tu. Nchi kavu yao yote ni kama kilomita za mraba 455. Pemba peke yake inawazidi karibu mara mbili. Lakini bahari yao inakaribia kilomita za mraba milioni 1.4, kubwa kuliko Tanzania nzima.

Walikofikia hawakufika kwa raha. Mwaka 2008 walishindwa kulipa madeni yao ya nje, wakaiacha rupia yao ijipangie thamani sokoni, wakapunguza wafanyakazi wa serikali. Mwaka uliofuata wadai wa Paris Club, yaani kundi la serikali zinazokopesha, wakakubali kuwapunguzia mzigo. Hapo ndipo mazungumzo ya bahari yalipopata nguvu. Kufikia 2016 shirika la The Nature Conservancy lilikuwa limewasaidia kupata dola milioni 21.6 za kununua sehemu ya deni hilo. Tangu hapo malipo ya deni lile yanakwenda kwenye mfuko wa nyumbani uitwao SeyCCAT, unaotoa ruzuku kwa kazi za kulinda bahari na kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Nao waliahidi kuiweka asilimia 30 ya bahari yao chini ya hifadhi.

Ahadi kama hiyo mvuvi akiisikia redioni anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Wao walianza kuchora ramani ya bahari mwaka 2014, na katika kazi hiyo wakakaa na wavuvi, wenye mahoteli, watu wa bandari na wanasayansi. Hifadhi zikakamilika kutangazwa kisheria Machi 2020. Karibu nusu yake hairuhusiwi kuvuliwa kabisa, na nusu nyingine inatumika kwa masharti. Sehemu kubwa ya zile zilizofungwa kabisa ziko mbali, kama upande wa visiwa vya Aldabra, ambako mvuvi wa boti ndogo wa Mahé, kisiwa chao kikuu, hafiki. Nyinyi mnaofunga mwamba kwa makubaliano ya kamati ya wavuvi ya shehia mnajua kwa nini hilo lina uzito: anayefunga mwenyewe, baada ya kushauriwa, ndiye anayelinda.

Sasa nani anapata nini. Upande wa utalii nawapa heshima yao. Nyumba za wageni zenye vyumba visivyozidi 15 zimetengewa raia wa Shelisheli, na hilo limo kwenye kanuni za uwekezaji, halitegemei hisani ya waziri. Nilipokuwa Victoria, mji mkuu wao, nililala kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye vyumba vinne. Samaki wa chakula cha jioni alimnunua kwa jirani yake, mboga zilitoka bustanini kwake, na shuka zilifuliwa na binti wa nyumba ya tatu. Pesa yangu ya malazi niliiona ikizunguka mtaani. Unguja tuna fukwe zisizopungua uzuri, lakini ni mara ngapi tumeona kijana wa kijiji akibaki mlinzi wa geti kwenye ardhi aliyouza baba yake?

Upande wa jodari hesabu inageuka. Meli kubwa za nyavu za kuzungushia nyingi ni za Ulaya au zina wenyewe wa Ulaya. Kiwanda cha kusindika jodari cha Victoria, miongoni mwa vikubwa duniani, asilimia 60 ni cha kampuni ya Thai Union ya Thailand na asilimia 40 ni cha serikali, na wafanyakazi wake wengi ni wageni. Nchi inapata ada za leseni, mapato ya bandari na gawio lake. Si haba. Lakini mvuvi wa mshipi wa Mahé hayumo kwenye mnyororo huo, na jodari wa mapezi ya njano mwenyewe aliwahi kuvuliwa kupita kiasi hata nchi za Bahari ya Hindi zikalazimika kupanga viwango vya kumwachia nafasi ya kuongezeka.

Nimeacha barafu mwisho kwa sababu ndiyo inayokuuma. Kule Mamlaka ya Uvuvi, iliyoundwa 1984, inaendesha mitambo ya barafu kwenye bandari za wavuvi na kuwauzia kwa bei nafuu. Mvuvi mwenye barafu yake anaweza kumwambia mnunuzi "sitaki", akasubiri hadi kesho. Asiye nayo, jua la saa nne ndilo linalomuuzia. Kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao kijacho na kuambiwa muige Shelisheli, ulizeni mtambo wa barafu wa diko lenu umeandikwa kwenye bajeti ya mwaka gani, na utakuwa mikononi mwa kamati au mikononi mwa tajiri yuleyule. Mkipewa kamati, wekeni mtunza fedha anayesoma hesabu mbele ya watu kila mwezi. Nimeona mitambo mizuri ikifa kwa kukosa pesa ya kipuri kimoja, kwa sababu mauzo ya barafu hayakuandikwa popote.

SWALI: Shikamoo Bi Mhasibu. Nasoma uchumi hapa Dodoma. Naomba unieleze hati fungani ya buluu ya Shelisheli ilikuwa na faida gani kuliko mkopo wa kawaida. *Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua kikokotoo. Oktoba 2018 Shelisheli waliuza hati ya dola milioni 15 ya miaka 10, riba asilimia 6.5. Hiyo ni dola 975,000 za riba kwa mwaka. Benki ya Dunia ikaweka dhamana ya dola milioni 5, na Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukatoa mkopo nafuu wa milioni 5 wa kusaidia kulipa riba, mpaka mzigo halisi wa serikali ukashuka kwenye asilimia 2.83, yaani kama dola 424,500. Tofauti hiyo ndiyo faida, na ililetwa na wadhamini. Rangi ya hati haikupunguza hata senti.

Pesa ziligawanywa mafungu mawili: milioni 3 za ruzuku kupitia SeyCCAT, na milioni 12 za mikopo kupitia Benki ya Maendeleo ya Shelisheli. Hili fungu la pili ndilo la kulichunguza ukiandika tasnifu. Benki inataka andiko la biashara na hesabu zilizokaguliwa vizuri, na mvuvi ana boti, mashine na sifa yake pwani. Ruzuku humfikia mtu wa namna hiyo kwa urahisi kuliko mkopo, labda awepo mtu wa kukaa naye kuandika vitabu. Mkakati unaotenga pesa za mikopo bila kutenga mshahara wa huyo mwandishi wa vitabu, mimi nauhesabu nusu.

Na usisafiri mbali kutafuta mfano. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2024. Linganisha masharti ya hizo mbili, utapata sura nzima.

SWALI: Bi Mhasibu, nchi yenye kipato cha juu kuliko zote Afrika, kwa nini nasikia vijana wake wanakwisha kwa unga? *Mama wa vijana watatu, Mombasa*

JIBU: Dada yangu, uliyosikia ni kweli. Mwaka 2019 watumiaji wa heroini walikadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 6,000, katika nchi isiyofikia watu laki moja wakati huo. Unga huo unashuka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, njia ileile inayotuletea sisi Mombasa, Tanga na Unguja.

Wastani wa kipato haukuonyeshi nyumba yenye kijana aliyelala mchana. Mkakati wao wa maendeleo ya taifa wa 2019 hadi 2023, wa kwanza kati ya mitatu ya kuelekea Dira ya 2033, uliweka watu katikati ya maendeleo, na serikali ikawachukua watumiaji kama wagonjwa, ikawapa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, na ushauri badala ya kuwajaza jela. Naunga mkono hilo kwa moyo wote. Muhimbili walianza methadoni mwaka 2011, na kwenu Mombasa pia kuna kliniki. Kama kuna kijana nyumbani unayemhofia, mpeleke sasa, usingoje aibu ipungue. Na bajeti ya kaunti ikisomwa kwa wananchi, nenda na mama wenzako muulize fungu la tiba ni shilingi ngapi.